Pasi za Makaa za Lubarika

Katika nyumba nyingi za uwanda wa Ruzizi kuna chombo ambacho watu wamekizoea mno hata hawakitazami tena. Hukaa chini ya kitanda, au nyuma ya mlango kikiuzuia usipigwe na upepo, au uani kikishika kutu karibu na kuku. Ni pasi ya makaa: sanduku la chuma lililochongoka mbele kama mtumbwi, lenye mfuniko wa bawaba, kishikio cha mti, na matundu ubavuni ya kupitishia hewa. Mbele yake, katika nyingi, amesimama jogoo mdogo wa chuma, naye ndiye komeo la mfuniko. Wazee wetu wa Lubarika wanaijua pasi hiyo kwa uzito wake mkononi. Sisi tulizaliwa tukaikuta, na wengi wetu hatukuwahi kuuliza ilitoka wapi wala ilimtumikia nani.

Kwa muda wa miaka mitatu sasa, kikundi chetu cha vijana kimekuwa kikizikusanya. Hatukuanza kwa mapenzi ya vitu vya kale. Tulianza kwa sababu tuliona zinaondoka. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita katika vijiji vyetu wakitokea barabara kuu ya Luvungi, wakiwa na magunia na mizani ya kuning'iniza, na hununua kwa kilo: masufuria yaliyotoboka, majembe yaliyolika, magurudumu ya baiskeli, na pasi. Hatuwalaumu, maana nao wanatafuta chakula cha watoto wao. Lakini katika mizani yao pasi ya mama aliyesomesha watoto sita na kipande cha bomba lililopasuka ni kitu kimoja, na kinachoyeyushwa hakirudi.

Tulikubaliana tangu siku ya kwanza juu ya kanuni moja. Hakuna pasi itakayoingia katika mkusanyo wetu bila ukurasa wake katika daftari. Ukurasa huo unaeleza pasi ilikuwa ya nani, alinyoosha nguo za nani, tangu lini hadi lini, na kwa nini aliacha. Tuliona kwamba tukikusanya vyuma peke yake tutakuwa wanunuzi wa chakavu wasio na mizani.

Pasi zetu zilifika kumi na moja. Nane ni za sanduku, za kutiwa makaa ndani; sita kati yake zina jogoo, mbili zina komeo la kawaida. Mbili ni za chuma kizima, zisizo na nafasi ndani, ambazo ziliwekwa juu ya moto hadi zipate joto, kisha zikatumiwa upesi kabla hazijapoa; ndiyo maana mwenye kazi alihitaji mbili, moja ikiwa mkononi na ya pili motoni. Ya mwisho ni ya alumini, iliyoyeyushwa na mafundi wa kwetu na kumiminwa katika kalibu ya udongo, ikiiga pasi ya dukani. Hiyo ni nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayopendwa na wasichana wa kikundi, kwa sababu pasi ya makaa ya kawaida ina uzito wa kilo mbili hadi nne, na uzito huo huongezeka kila saa mkono unapochoka.

Mwenye pasi ya nne alikuwa mama mzee aliyefanya kazi ya kufua na kupiga pasi mjini Uvira kwa miaka mingi. Jina lake limo katika daftari. Hapa tumwite Koko, kama tunavyomwita nyumbani. Tulipomwendea na kumwomba pasi yake hakukataa, wala hakuitoa. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Wajukuu, mnataka chuma au mnataka kazi?" Tukajibu, "Koko, tunataka vyote viwili." Akasema, "Basi leteni shati jeupe na makala."

Siku hiyo tulijifunza mambo ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyajua, ingawa tumekulia katika nyumba zenye pasi hizo. Makaa hayawashwi ndani ya pasi. Huwashwa kwanza katika babula, hadi moshi uishe na kila kaa liwe jekundu lenye vumbi jeupe juu yake. Makaa ya mti mgumu ndiyo yafaayo, kwa kuwa ya mti mwepesi hutoa cheche na kuisha upesi. Yakishatiwa ndani, pasi hufungwa na kupeperushwa nje, huku na huku, ili hewa iingie kwa matundu na kuchochea moto. Kisha majivu mepesi hupulizwa yatoke kabla pasi haijakaribia nguo. Uso wa chini hupitishwa juu ya jani bichi la mgomba, ambalo huusafisha na kuufanya uteleze. Tone la maji hujaribu joto: likitulia pasi bado, likiruka na kulia pasi iko tayari, na kitambaa kikuukuu ndicho hutangulia, kamwe si shati la mtu.

Koko alitufundisha pia mpangilio wa kazi. Pasi ya makaa haina kifaa cha kupunguza joto. Joto lake hupanda makaa yanaposhika na kushuka yanapokwisha. Mwenye ujuzi hupanga nguo kwa kufuata joto hilo. Pamba nzito hunyooshwa pasi inapokuwa kali, vitambaa vya nailoni husubiri hadi ipungue. Katika shati huanza ukosi, kisha mabega, kisha mikono, na kifua huja mwisho ili kisikunjwe tena. Matundu ya pasi huelekezwa mbali na nguo nyeupe, kwa sababu cheche moja inatosha kuharibu mshahara wa juma zima. Ukosi wa shati la sherehe ulitiwa wanga wa muhogo, uliopikwa mwembamba na kuchujwa kwa kitambaa. Nasi tunaoula muhogo kila siku, hatukujua kwamba ndio uliosimamisha kosi za mashati ya watu wakubwa.

Alipomaliza alitukabidhi pasi, akatuonyesha kovu refu juu ya kifundo cha mkono wake wa kulia. Alisema ukurasa wake uandikwe hivi: alinyoosha mashati ya harusi nyingi ambazo hakualikwa, na kati ya watu aliowanyooshea, wengi hawakulijua jina lake. Hakulisema hilo kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Tuliandika neno kwa neno.

Labda mtauliza: je, pasi hizi si za zamani tu, zilizobaki kwa kuwa watu wa vijijini wamechelewa? Tunaomba mfikiri kidogo. Juu ya uwanda wetu, katika mto uleule wa Ruzizi, kuna mabwawa ya umeme ya Ruzizi I na Ruzizi II, na umeme wa Ruzizi II hugawanywa kati ya nchi tatu, yaani Kongo, Rwanda na Burundi. Lakini nyumba nyingi za vijiji vyetu hazijauona. Wenye uwezo huweka bamba dogo la nguvu za jua, nalo huwasha taa na kujaza simu. Pasi ya umeme huhitaji wati 1000 hivi, ilhali bamba la nyumbani mara nyingi hutoa wati 50 au 100. Hivyo mtoto anaweza kusoma usiku kwa taa ya jua, na asubuhi shati lake jeupe na suruali yake ya buluu vikanyooshwa kwa makaa. Vitu hivyo viwili vinaishi katika nyumba moja bila kugombana.

Tena pasi si urembo tu. Mama zetu wanamjua nzi ambaye wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga. Hutaga mayai katika mchanga au juu ya nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au chini. Mtu akiivaa nguo hiyo, mabuu yaliyoanguliwa huingia ngozini na kufanya uvimbe kama jipu, na mtoto mchanga huteseka zaidi. Joto la pasi huua mayai hayo, hasa likipitishwa kwa subira juu ya mishono na pindo, ambako hujificha. Kwa hiyo mama anayenyoosha nepi za mtoto wake pande zote mbili hana majivuno. Anakinga ngozi ya mwanawe. Mama huyohuyo hujua pia kwamba makaa hayaachwi yakiwaka katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Hata nguo yenyewe si ngeni kwa ardhi yetu. Uwanda wa Ruzizi ulilimwa pamba wakati wa Wabelgiji, na Lubarika ilikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC, ambacho baadaye kilikuwa cha INERA. Wazee wetu waliilima pamba, na pamba ni kitambaa kinachokunjamana upesi na kudai pasi. Nyuzi zake hushikana zikikauka zikiwa zimejikunja. Maji na joto huzilegeza, uzito huzilaza, na zikipoa hubaki zilivyolazwa. Hizo ndizo kazi tatu za pasi: unyevu, moto na uzito. Mahali popote duniani palipovaliwa pamba na kitani, watu walitafuta njia ya kuviunganisha vitu hivyo vitatu.

Tulipotaka kujua kama pasi zetu zina ndugu mahali pengine, mwalimu mmoja alitusaidia kutafuta. Tulikuta kwamba Wachina wa kale walitumia bakuli la chuma lenye kishikio, lililojaa makaa, kunyooshea hariri. Huko Ulaya na Marekani, katika karne ya 19, kazi ya nguo ilikuwa imekua hata ikapata jiko lake maalumu. Lilikuwa jiko la chuma la kutiwa makaa ya mawe, ambalo mbavu zake zilitengenezwa ziegeshewe pasi za chuma kizima kulizunguka pande zote. Mfuaji alichukua moja, akaitumia hadi ipoe, akairudisha na kuchukua nyingine, mchana kutwa, kiangazi na kipupwe. Leo majiko hayo hutafutwa na wakusanyaji na kupakwa rangi nyeusi yakang'aa sebuleni. Huku kwetu jiko la namna hiyo hatujaliona. Kazi yake hufanywa na babula.

Kishikio cha pasi hizo za chuma kizima kilipata moto pamoja na pasi yenyewe. Mwaka 1871 mwanamke wa Marekani, Mary Florence Potts wa jimbo la Iowa, alipata hati ya uvumbuzi wa kishikio cha mti kinachochomolewa, ili pasi ikae motoni na kishikio kibaki baridi. Mwaka 1882 Henry Seeley wa New York alipata hati ya pasi ya umeme. Tuliyapenda majina hayo. Lakini tulitambua kwamba vitabu huwakumbuka wavumbuzi wa pasi kwa urahisi, ilhali wapigaji pasi husahauliwa.

Wachache hawakusahauliwa. Mji wa Troy, katika jimbo la New York, ulisifika kwa kosi za mashati zinazovuliwa na kuvaliwa. Wanawake wa viwanda vya kufulia, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland, walifanya kazi kwa saa 12 hadi 14 kwa siku kati ya majiko, maji yanayochemka na pasi za moto, kwa mshahara mdogo. Mwezi Februari 1864 msichana mmoja Mwairishi, Kate Mullany, aliyekuwa bado hajatimiza miaka ishirini na tano, aliwaunganisha wenzake wapatao 300 katika chama, wakagoma, na kabla ya siku nyingi kupita wakapata nyongeza ya asilimia 25. Vijana wenzetu, huo ulikuwa mwaka 1864. Papa Leo XIII alitoa waraka wake Rerum Novarum, juu ya haki za wafanyakazi na mshahara ufaao, mwaka 1891. Kabla Kanisa halijaandika maneno hayo rasmi, wasichana wenye mikono iliyoungua walikuwa wamekwisha kuyajua.

Mwalimu alituonyesha pia picha ya mchoraji Mfaransa Edgar Degas, aliyoichora kati ya mwaka 1884 na 1886, ambayo imo katika jumba la Orsay mjini Paris. Kuna wanawake wawili mezani. Mmoja ameinama, amekandamiza pasi kwa mikono yote miwili. Mwingine ameshika chupa, amepiga miayo bila kujificha, mdomo wazi. Tulipomwonyesha Koko picha hiyo katika simu, aliitazama kwa muda mrefu, akamgusa kwa kidole yule anayekandamiza, akasema, "Huyu bado mgeni wa kazi. Anatumia mabega. Mwenzake amekwisha kuchoka, lakini yeye ndiye anayejua."

Tukirudi karibu na kwetu, historia ya pasi ina mambo yanayotufaa kuyajua. Ng'ambo ya ziwa, mjini Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, kulikuwa na nyumba ya mafunzo iliyoitwa foyer social kati ya mwaka 1946 na 1960. Humo wanawake Waafrika walifundishwa kushona, kutia viraka, kupiga pasi, kupika na kulea watoto kwa namna waliyoiona Wabelgiji kuwa ya kistaarabu. Wakati huohuo, katika nyumba za Wazungu, mfuaji na mpiga pasi kwa kawaida alikuwa mwanamume. Wakongo walimwita lavaderi. Hivyo kazi moja ilikuwa na nyuso mbili. Mwanamume aliifanya kwa mshahara katika nyumba ya mgeni, na mkewe akafundishwa kuifanya bila mshahara katika nyumba yake.

Na nguo iliyonyooshwa ilikuwa kama cheti. Serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya wenye sifa njema za kiraia mwaka 1948, na mwaka 1952 uandikishaji wa wale waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Aliyeomba alichunguzwa, wakaguzi walifika hata nyumbani kwake kutazama usafi, vyombo na namna ya kuishi na mke na watoto. Fikirini mzee wa wakati ule, usiku wa kuamkia ukaguzi, amesimama na pasi ya makaa juu ya shati moja, akijua kwamba mstari wa mkunjo utapimwa pamoja na utu wake. Pasi moja ya chuma kizima katika mkusanyo wetu ilikuwa ya lavaderi wa wakati huo. Mjukuu wake alituambia kwamba babu huyo alipostaafu hakunyoosha tena nguo yoyote, hata ya Pasaka. Alisema alikwisha kunyoosha za kutosha. Hilo nalo limeandikwa.

Mwaka 1996 vita vilipoingia katika uwanda huu, watu walikimbia, na wamekimbia tena mara nyingi tangu hapo. Kurasa kadhaa za daftari letu zinaishia katika mwaka huo. Mtu hakimbii na kilo tatu za chuma kichwani ikiwa ana mtoto wa kubeba. Pasi zilizikwa chini ya migomba, zilitumbukizwa visimani, ziliachwa juu ya meza. Moja ya zile zenye jogoo ilifukuliwa na mwenyewe aliporudi baada ya miaka miwili. Nyumba haikuwapo tena, na pasi ndiyo iliyomwonyesha mahali mlango ulipokuwa.

Sasa tuwaeleze jambo lililotugawanya. Mwaka jana, majuma machache kabla ya Mtihani wa Serikali, dada mmoja wa kikundi chetu alikosa ada ya kushiriki. Baba yake alikuwa mgonjwa, na mavuno ya mpunga yalikuwa yameharibika. Siku hizohizo mnunuzi wa chakavu alipita, akaona pasi zetu zimepangwa juu ya ubao, akataja bei ya zote kumi na moja. Bei hiyo ilitosha ada na kubakiza.

Tulikaa jioni nzima. Upande mmoja ulisema: pasi ni chuma, dada yetu ni mtu, hakuna ukumbusho unaostahili mwaka mmoja wa maisha yake. Upande wa pili ulisema: vitu hivi tulipewa kwa amana, na mama waliotupa hawakutupa ili tuviyeyushe, tena leo ni dada huyu, mwakani atakuwa mwingine, na hatutakuwa na pasi za kuuza. Hakuna upande uliokuwa wa watu wabaya. Dada mwenyewe alikaa kimya, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko maneno yetu.

Koko aliposikia alisema tu, "Nilipokuwa na mtoto wa kulipia shule, sikuuza pasi. Niliifanyisha kazi." Kwa hiyo Jumamosi mbili mfululizo tuliwasha babula nne chini ya mwembe, tukawaalika watu walete nguo. Zilikuja sare za wanafunzi, mashati ya walimu, vikwembe vya kwaya, vitambaa vya altare, hata suti moja ya bwana harusi. Wavulana ambao hawakuwahi kushika pasi, wakiamini kwamba ni kazi ya dada zao, walijifunza mbele ya macho ya watu. Koko alikaa kwenye kiti akirudisha kila nguo iliyoachwa na mkunjo kwenye ukosi. Jioni ya Jumamosi ya pili mikono ilikuwa imevimba na macho yamewiva kwa joto, na ndipo tulipojua kwa mwili tulichokuwa tumekiandika kwa wino.

Fedha hazikutosha. Ilibaki sehemu iliyopungua kidogo kuliko robo. Ndipo mjukuu wa yule lavaderi alipokuja na kusema kwamba familia yake imeridhia pasi ya babu iuzwe. Alisema babu mwenyewe hakuipenda, na kwamba angefurahi zaidi kuona imelipa mtihani kuliko kuona inapigwa picha. Baadhi yetu tulimsihi abadili nia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya kale kuliko zote na yenye habari nzito kuliko zote. Hakubadili. Kabla haijaondoka tuliilaza juu ya ukurasa wake katika daftari, tukauchora ukingo wake kwa penseli. Kisha ikaingia guniani. Dada yetu alifanya mtihani pamoja na wenzake.

Mpaka leo hatujakubaliana kama ilikuwa sawa kuiuza ile badala ya nyingine, au badala ya kuomba msaada mahali pengine. Wapo wanaofungua ukurasa ule na kuufunga upesi. Lakini jambo moja tumelielewa, na ndilo tunalotaka kuwashirikisha. Kumbukumbu ya yule mzee haikuondoka na chuma. Ingekuwa imeondoka kama hatungeuliza, hatungesikiliza na hatungeandika. Kinyume chake pia ni kweli: pasi zilizopo ubaoni zingekuwa bubu kama Koko hangetufundisha kuziwasha. Kitu cha kale huhifadhiwa kwa mambo mawili, habari za aliyekitumia na ujuzi wa kukitumia. Vyote viwili hukaa katika watu, na watu huzeeka.

Kanisa nalo lina kumbukumbu yake ya kazi hii. Katika karne ya 7, katika nchi ya Alsace ambayo leo ni ya Ufaransa, aliishi mwanamke wa ukoo wa kitajiri jina lake Hunna. Aliwafulia majirani maskini nguo zao kwa mikono yake, hata akaitwa mfuaji mtakatifu, na mwaka 1520 Papa Leo X alimtangaza miongoni mwa watakatifu. Tena Injili ya Yohane, katika sura ya 20, inapoeleza asubuhi ya ufufuko, haikosi kutaja kwamba ile leso ya kichwa ilikuwa imekunjwa na kuwekwa mahali pa peke yake. Katika asubuhi iliyo kuu kuliko zote, mwinjili aliona nafasi ya kutaja kitambaa kilichokunjwa. Anayekunja korporali ya altare baada ya kuinyoosha, akiigawa katika miraba tisa kama desturi, anafanya kazi ambayo haijadharauliwa mbinguni. Na anayenyoosha shati la mwanafunzi chini ya mwembe anafanya kazi ileile.

Kwa hiyo tunawaomba, ninyi vijana wa parokia zote za uwanda na za pwani ya ziwa, msingoje mnunuzi afike. Nendeni kwa koko zenu na babu zenu wakiwa bado na nguvu ya kusema. Chombo si lazima kiwe pasi: kinaweza kuwa kinu, wavu, cherehani, nyundo ya mhunzi. Chukueni daftari na kalamu, na mkubali kufundishwa kazi kabla ya kuomba kupewa chombo.

Kwa mazungumzo katika vikundi vyenu, tunapendekeza maswali haya matatu. Ni nani katika kijiji chenu ambaye kazi ya mikono yake mnaivaa, mnaila au mnaikalia, na hamlijui jina lake? Mshahara anaolipwa unatosha, na ninyi mna neno gani la kusema juu yake? Na kama mngekuwa pamoja nasi jioni ile, mizani ikiwa mlangoni na dada yetu akiwa kimya, mngechagua nini?